Uvimbe kwenye ovari: tundu ni dogo, lakini ndani kutafanyika nini?

Mama mmoja mfanyabiashara wa Busia aliniwekea mezani bahasha yenye picha tatu za ultrasaundi na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ambayo sitaitaja. Karatasi ilisema tu kwamba uvimbe umetolewa. Alitaka kujua kama ovari yake ya kushoto bado ipo, swali ambalo karatasi ile haikuweza kulijibu, ikanibidi nimpime upya. Haikuwepo.

Vifuko vingi vya maji kwenye ovari havihitaji kisu, jambo ambalo sisi wapasuaji hatulisemi vya kutosha. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kifuko chenye maji matupu kisichofikia sentimita 5 mara nyingi hunywea chenyewe baada ya mizunguko miwili au mitatu. Tunaoupasua ni ule unaozidi kukua au kuuma, demoidi ambayo hukutwa na mafuta, nywele na pengine jino, na baadhi ya ule wa endometriosisi (ugonjwa ambapo tishu kama ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake) wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti. Ovari ikijisokota, maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika hayangoji miadi.

Katika upasuaji wa matundu madogo, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, tunajaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi, kisha kamera hupitia kitovuni na vyombo hupitia matundu mengine mawili au matatu ya milimita 5 hadi 12. Kazi yenyewe ni kumenya: nachana ngozi ya ovari, nashika ukuta wa kifuko kwa koleo moja na ovari kwa koleo jingine, navuta taratibu pande mbili, kama mtu anayebandua utando wa yai la kuchemsha bila kuuchubua ute. Panapovuja damu nachoma kidogo sana, au nashona, kwa sababu kila mchomo huunguza pia akiba ya mayai. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani kesho yake wakilalamikia bega kuliko tumbo, maana hewa iliyobaki husumbua kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yake husikika begani.

Wengi huniuliza mashine zetu zimetoka nchi gani. Ningependa wamuulize daktari anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwezi, kama ni yeye mwenyewe atakayeshika vyombo, na kama fomu ya idhini inataja kifuko peke yake au ovari nzima. Usajili wake uthibitishwe kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, na leseni iwe ya mwaka huu. Anayejisifu kwamba hajawahi kulazimika kufungua tumbo namtilia shaka, kwani yawezekana amefanya operesheni chache mno.

Ikiwa hedhi imekoma, au picha inaonyesha nyama ngumu ndani ya uvimbe, au tumbo linajaa maji, mtu yeyote asiuguse kabla ya bingwa wa saratani za wanawake kutoa maoni. Hapa Kampala tunashauriana na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopo Mulago. Kifuko chenye saratani kikipasuka mikononi mwa daktari, chembe zake humwagika tumboni.

Ovari ya kulia ya mama wa Busia ni nzima. Nimemwandikia ripoti ya ukurasa mzima, naye akaikunja na kuitia katika bahasha yake.