Tafadhali, Msipande Mikoko Hapo

Jumamosi walikuja tena hapa Mida ninapotembeza wageni, watu wa kupanda mikoko. Si watu wale wale, ila fulana zile zile: mpya, bado zina alama za mkunjo, pamoja na bango la mita tatu na magunia mawili ya mbegu za mkoko kwenye buti la basi. Sijamaliza hata kuwasalimu, kiongozi wao akasimama pale daraja linapoanzia, akanyoosha mkono kule msitu unapoishia na tope kuanza. "Madam, si kule kote kuko bure tu? Tupandeni pale."

Kuko bure. Nilitabasamu, maana ndiyo kazi yangu kutabasamu, nikawapeleka kwenye banda la mafunzo wanywe maji kwanza. Lakini usiku nililala na hilo neno, na leo nimeamua kuliandikia, ili safari ijayo niwe namwonyesha mtu simu tu badala ya kubishana juani.

Kwa wasiofika Mida: ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kati ya Watamu na Gede, kaunti ya Kilifi. Pembezoni kuna mikoko, katikati kuna mchanga na tope linalofunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku. Maji yake yamo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa 1968. Daraja letu ni la mbao zilizoning'inizwa, zaidi ya mita 200, linapita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege. Linayumba. Kila wiki kuna mtu mzima anayegandia katikati na kuanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja. Halijamwangusha mtu.

Mambo mengine nayasema haraka. Harufu ya yai viza si choo cha mtu, wala si maji taka. Tope halina hewa chini, vijidudu vinavyoozesha majani humo hutoa gesi hiyo, basi. Mikoko nayo si mti mmoja. Kenya tuna aina tisa: kuna mkoko wenyewe wenye miguu mingi kama buibui, mchu unaotoa chumvi kwenye majani (lamba uone), mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na wenzao. Hata miti ikishakatwa, fundi wa nyumba Lamu anajua kwa unene upi ni pau, upi boriti na upi nguzo, na hachanganyi. Ni sisi tunaokuja na mabango tunaosema "mikoko" kama mtu anavyosema "samaki" sokoni akataraji kuhudumiwa.

Sasa tuje kwenye tope.

Siku ukija, njoo na chujio la chai. Sisemi mzaha, mimi ninalo kwenye mkoba. Shuka ngazi ya pembeni maji yakiwa yamepwa, chota tope kiganja kimoja tu, lisuuze polepole kwenye kidimbwi. Kinachobaki kwenye chujio kinajikunja: minyoo myembamba kama uzi, vikonokono vidogo kuliko punje ya mtama, kaa mchanga ambaye bado anapenyeza mwanga. Hapo hujagusa ule utando wa kahawia ulio juu, unaong'aa kama mafuta jua likipiga. Huo ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inakula mwanga kama jani lolote. Maji yakirudi, samaki aina ya mkizi wanakuja kula hapo. Yakipwa, wanakuja ndege. Ni shamba lenye zamu mbili, na halina hata mti mmoja kwa sababu mti ungeliharibu.

Kuna ndege mmoja ambaye ndiye hasa hunitoa uvumilivu. Kwa Kiingereza ni crab plover: mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi usiolingana na mwili wake, kama kijana aliyeazima koleo la baba yake. Chakula chake kikubwa ni kaa. Kwao ni fukwe za Oman na Ghuba na jirani zake, na huko hutaga kwa namna ambayo watoto wa shule hawaniamini nikiwaambia: anachimba shimo mchangani, anaingia ndani kabisa, na kutaga yai moja tu, jeupe. Kizazi kikishaweza kuruka, wanakuja kusini. Mababu walisubiri upepo wa kaskazi ndipo majahazi yashuke kutoka Maskati. Huyu hasubiri, huanza kuonekana kwetu tangu Agosti. Ukimtazama kwa darubini utaona jinsi anavyowinda: anakimbia hatua tatu, anasimama, anaangalia, anakimbia tena. Ili awinde hivyo anahitaji uwanja ulio wazi. Anahitaji kumwona kaa kwa mbali, na kumwona mwewe kwa mbali zaidi. Panda miti pale, hata ikipona vizuri, na huyo bwana hana pa kukimbilia. Kitwitwi wadogo wanaotoka Siberia nao vivyo hivyo, na ndege aitwaye sululu pia.

Kwa hiyo mtu akiniambia kule kuko bure, ninamwona amesimama mlangoni mwa hoteli iliyojaa watu akisema pale ukumbini, kati ya meza, nafasi si inatosha kuweka kabati.

Kisha lipo la pili, ambalo linaniudhi zaidi kwa sababu ni hesabu tu. Miche mingi inayochomekwa kwenye tope la chini hufa. Mkoko unastahimili kufunikwa na maji, hauishi ndani ya maji. Ukiushusha chini mno unazama saa nyingi kila siku, vile vijidudu vya magamba vinavyoganda chini ya ngalawa vinaupanda shina, mwani na mifuko ya plastiki vinauvuta, na mwaka haujaisha unabaki mstari wa vijiti vikavu. Sri Lanka walipanda sana baada ya tsunami ya 2004, na sehemu kubwa ya kazi ile iliishia hivyo hivyo.

Mbona basi kila mtu anapanda mkoko? Kwa sababu mbegu yake ni rahisi! Inaota ikiwa bado mtini, inaning'inia ndefu kama kisu cha kuchinjia, unaiokota, unaichomeka, picha imepatikana. Mlilana, ambao ndio kwa kawaida husimama mbele kabisa ukiikabili bahari, mbegu zake ni ndogo mno na zinataka kitalu na mtu mwenye subira. Hakuna aliyewahi kuniletea gunia la mlilana.

Na swali ambalo huwa nawauliza wageni, wakanyamaza: kama pale panafaa, bahari imeshindwa nini kupanda yenyewe? Inapitisha mbegu mara mbili kila siku, bila fulana. Nenda chini ya miti yenyewe ukaone miche ilivyosongamana kama watoto kwenye foleni ya uji. Msitu uliokatwa, mara nyingi, hudai njia ya maji ifunguliwe na panga likae mbali, mbegu zitafika zenyewe. Pale zisipofika, hapo ndipo kupanda kuna maana: nyuma, kwenye mapengo yaliyokatwa, aina inayofaa mahali panapofaa. Gazi, kule Kwale, wanajamii wa Mikoko Pamoja wanauza kaboni (yaani hulipwa kwa hewa ukaa ambayo miti yao inaihifadhi) tangu miaka ya 2010, na msingi wa biashara yao ni kuulinda msitu uliosimama tayari, kupanda ni nyongeza.

Sasa nikiri. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mimi mwenyewe, palepale anaponyooshea kidole huyu bosi. Tulikuwa vijana, tulipewa soda na cheti. Vijiti vyetu viwili vitatu vilionekana kwa muda mrefu kila maji yakipwa, nami nilikuwa nikiwapitisha wageni upande wa pili wa daraja wasiulize.

Na kuna mambo ambayo hayajanikaa sawa hadi leo. Kwenye kona moja mlilana umeanza kusogea mbele wenyewe, bila mkono wa mtu, na kila msimu unachukua tope kidogo. Siwezi kuulaumu, ila nikisimama kibandani najikuta nauangalia kama jirani anayesogeza ua usiku. Halafu akina mama wa kitalu. Wao huuza miche kwa wageni hawa hawa ninaowazuia. Nikisema msipande, nimemtolea mtu chakula mezani, na hotuba yangu ya ndege hailipi karo. Daraja lenyewe pia: siku watu 40 wanalikanyaga kwa mkupuo, ndege wanaruka kabla hatujafika kibandani, nami ndiye niliyewaleta watu kuwaona.

Basi ukija, usije kwa saa ya mkononi, njoo kwa mwezi. Siku za bamvua (mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yanapojaa na kupwa sana) kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne au tano asubuhi. Fika hapo, tembea juu ya daraja upate tope lote wazi, kisha kaa kibandani ungojee. Maji yakianza kujaa huwasukuma ndege kuelekea kwako wenyewe, huna haja ya kuwafuata. Maji mafu, yaani siku za katikati yanaposogea kidogo tu, hayana tamasha hilo, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya "kila Jumamosi saa tatu" mliyoandika ofisini haina kazi. Viatu vya kufunga, nguo isiyo nyeupe, na spika ibaki kwenye basi.

Wale wa Jumamosi hawakupanda. Kiongozi wao alinuna kidogo, akapigia picha bango likiwa limefungwa kwenye ukingo wa daraja, akaniachia magunia. Nimeyaweka kivulini, nayamwagia maji ya chumvi. Kesho nayapeleka kitaluni kwa akina mama, wayahesabu na kulipwa kwa kuyatunza, halafu tutatafuta mapengo kule nyuma walikokata boriti. Bosi amesema atarudi mwezi ujao kuona "mikoko yake". Nimemtumia tarehe ya bamvua, na chujio la pili nimenunua.