Kifaa cha kuzungusha pumzi si salama zaidi

Wengi huamini kwamba kifaa cha kuzungusha pumzi (rebreather), kinachomwezesha mzamiaji kuvuta tena pumzi aliyoitoa, kwa kuwa hudumu muda mrefu majini na karibu hakitoi mapovu, ni salama kuliko mtungi wa kawaida wa hewa ya kuzamia. Sivyo. Kweli kinaokoa gesi: pumzi tunayoitoa bado ina oksijeni takriban asilimia 16, nacho huchuja kaboni dioksidi na kurudishia oksijeni iliyotumika. Lakini vihisio vyake vinavyopima oksijeni vikikosea, oksijeni yaweza kupungua na mzamiaji akazimia bila kuhisi lolote, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi hasa ni kaboni dioksidi, nayo imeshachujwa. Mtungi ukiharibika, kwa kawaida utajua papo hapo. Anayezamia kujiburudisha, asiyevuka mita 40, namsihi abaki na mtungi. Kifaa hicho kinawafaa wapigapicha wa viumbe waoga, wakifunzwa vizuri.