Andiko la ruzuku ya zimamoto huanzia kwenye kabati la mitungi

Nikiitwa na kituo cha zimamoto kinachotaka ruzuku, kompyuta huwa naiacha garini kwanza. Naomba nifunguliwe kabati la mitungi ya hewa. Nasoma tarehe ya kutengenezwa kwenye kila mtungi, naandika, kisha nahamia kwenye makoti. Mtungi uliofumwa kwa nyuzi za kaboni hupewa miaka 15. Ikiisha haujazwi tena, hata uwe unang'aa namna gani. Koti na suruali ya kuingilia motoni, kwa kiwango cha NFPA, shirika la Marekani linaloweka viwango vya zimamoto, mwisho wake ni miaka 10 tangu ishonwe. Kituo kimoja cha kijijini nilikuta koti lenye jina la mtu mgongoni, jina limefunikwa kwa utepe mweusi, na juu ya utepe jina jingine kwa kalamu nyeupe. Mwenye jina la kwanza alishastaafu. Mwenye la pili ni kijana aliyekuwa darasa la pili koti lile liliposhonwa. Aya ya kwanza ya andiko nikaipata pale pale, nimelishika koti mkononi.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila riziki yangu iko Marekani, na kazi yangu ni hiyo: kuviandikia vituo vidogo maandiko ya kuombea fedha za serikali kuu. Ndugu zangu nyumbani huuliza inakuwaje nchi tajiri hivi zimamoto wake waombe. Sisi Tanzania tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Huku kila mji, hata wa watu elfu mbili, una zimamoto wake, na idara zote zinapita 27,000. Takriban theluthi mbili ya wazimamoto wa nchi hii ni wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mkulima wa mahindi. King'ora kikilia wanaacha kazi na kukimbilia kituoni. Fedha za kituo zinatoka kwenye kodi ya mji na kwenye kuku wa kuchoma wanaouzwa Jumamosi. Sasa seti moja ya kupumulia, yaani mtungi, mkanda wa mgongoni na barakoa, inakaribia dola 9,000. Hesabu mwenyewe ni kuku wangapi.

Pengo hilo ndilo Bunge la Marekani lilitaka kuliziba lilipoanzisha AFG, ruzuku ya kuwasaidia wazimamoto; fedha za kwanza zilitoka 2001. Inasimamiwa na FEMA, wakala wa serikali kuu wa kukabili majanga, na miaka ya karibuni imekuwa ikipata zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Dada yake, ruzuku ya SAFER, analipia watu badala ya vifaa. Zipo pia fedha za usalama wa taifa zinazopitia kwa majimbo. Hizo zina siasa zake na leo sizigusi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuandika kana kwamba msomaji ni waziri. Maneno makubwa, "jamii yetu yenye ari", "ushujaa usio na kifani". Ombi la AFG kwanza linapimwa na kompyuta: majibu ya dodoso yanalinganishwa na vipaumbele vya mwaka huo. Likipenya, linasomwa na jopo la watu wasiopungua watatu, na watu hao ni wazimamoto wenzako kutoka majimbo mengine. Wanatoa alama kwa mambo manne yenye uzito sawa: uhitaji wa fedha, maelezo ya mradi na bajeti yake, faida ukilinganisha na gharama, na kitakachobadilika katika kazi za kila siku. Mzimamoto aliyekwisha kutambaa sakafuni ndani ya moshi hahitaji kuhubiriwa ushujaa. Mwambie una viti 14 kwenye magari matatu, mitungi 9 kati ya 14 imepita umri, na watu wanaopanda wa mwisho wanabaki nje wakishika mpira wa maji. Hapo amekuelewa, hata kama amechoka na lako ni ombi la ishirini siku hiyo.

Viti nimevitaja makusudi. Seti za kupumulia zinahesabiwa kwa nafasi za kukaa kwenye magari yako, hazihesabiwi kwa idadi ya wanachama. Ukiwa na wanachama 30 na viti 14, omba 14. Ukiomba 30 umejitangaza kuwa hukusoma mwongozo.

Tufanye hesabu ya 14. Kwa dola 9,000 kila moja, jumla ni 126,000. Mji wenye watu 20,000 au pungufu unachangia asilimia 5. Kuanzia hapo mpaka watu milioni moja ni asilimia 10. Zaidi ya milioni ni 15. Wengi wanachukua asilimia 5 ya 126,000 na kupata 6,300. Wamekosea. Asilimia inapigwa kwenye fedha ya serikali, haipigwi kwenye jumla. Gawanya 126,000 kwa 1.05: serikali inatoa 120,000, mji unatoa 6,000. Tofauti ni dola 300 tu, lakini mhasibu wa mji akiiona kwenye karatasi ya FEMA tofauti na uliyomwandikia, mkutano mzima wa halmashauri utaliwa na hiyo 300. Nimekaa kwenye mkutano wa namna hiyo. Kahawa ilikuwa mbaya.

Kuna pia njia ya ombi dogo, lisilozidi dola 75,000 za serikali, na maombi hayo huweza kufikiriwa zaidi. Kwa kituo ambacho hakijawahi kupata kitu, mara nyingi nashauri seti 8 mwaka huu, 6 zitafuata. Mkuu wa kituo atanung'unika. Kila mkuu wa kituo anataka gari jipya. Gari ndilo mlango mwembamba kuliko yote, maana sheria inaweka ukomo wa asilimia 25 ya fedha kwa magari, na kila mtu yuko kwenye foleni hiyo.

Redio zina hadithi yake. Septemba 11, 2001, New York ilipoteza wazimamoto 343, na baadhi yao amri ya kutoka kwenye mnara wa kaskazini wa World Trade Center haikuwafikia kwa sababu ya mawasiliano. Tangu hapo, ukiomba fedha ya redio lazima ziwe za mfumo wa P25, unaowezesha polisi, gari la wagonjwa na zimamoto wa mji jirani kusikilizana, na lazima uwasiliane na mratibu wa mawasiliano wa jimbo lako. Andiko la redio lisilotaja majirani ni bure. Onyesha ramani, onyesha bonde ambako redio inakufa, sema ni tukio gani mlilazimika kutumia simu za mkononi.

Na sasa aibu yangu. Ili ulipwe chochote lazima kituo kisajiliwe kwenye SAM.gov, daftari la serikali kuu la mtandaoni la wanaopokea fedha zake, na usajili huo unahuishwa kila mwaka. Kuna kituo nilikiandikia andiko zuri kupita yote niliyowahi kuandika. Siku tatu kabla ya dirisha kufungwa nikagundua usajili umelala, na jina kwenye hati za jimbo lina neno moja ambalo kwenye barua ya benki limefupishwa. Mfumo ukakataa kuwa ni taasisi moja. Tulituma nyaraka, tukasubiri, dirisha likafungwa. Tangu hapo SAM ndiyo naanza nayo, miezi mitatu kabla. Ni bure kabisa, kwa hiyo yule anayepiga simu akidai dola 600 za "kuhuisha" mkatieni.

Kuwa macho pia na muuza vifaa anayejitolea kukuandikia. Kanuni za manunuzi ya fedha za serikali kuu zinasema aliyeandaa vipimo vya zabuni haruhusiwi kushindania zabuni hiyo. Ukishapata fedha, kusanya bei za ushindani na utunze karatasi miaka mitatu baada ya kufunga hesabu. Usinunue kitu kabla ya barua ya kukubaliwa ukitegemea kurudishiwa.

Swali la mwisho ninaloulizwa, hasa na watu wa nyumbani: je, zimamoto wa kwetu wanaweza kuomba AFG? Hapana, ni kwa idara za Marekani na maeneo yake. Na mitungi ya zamani, si tuitume Tanga? Kituo kile cha koti lenye utepe kilipopata seti zake, mkuu aliniuliza hivyo hivyo kwa moyo mweupe, akijua nilikotoka. Nikamwambia mtungi uliopita umri ukijazwa hewa ya shinikizo lile mgongoni mwa mtu ni bomu, awe Mmarekani au Mdigo. Tukaitoa nje yote 9, akaleta drili, tukaitoboa mmoja mmoja.