Askari karudi kutoka Kongo, ndoa bado mbichi: yasemwayo na yaliyo kweli

Harusi za haraka kabla ya askari kwenda misheni ya kulinda amani si jambo geni Tanzania. Mahari inalipwa, ndoa inafungwa, na wiki chache baadaye bwana yuko Kivu Kaskazini huku bibi harusi akibaki na vyombo ambavyo bado vimo kwenye maboksi. Zamu ya kikosi huwa takriban mwaka. Siku anaporudi, mashemeji, majirani na marafiki kila mmoja ana lake la kusema, na mengi ni ya kupotosha.

"Alikwenda kulinda amani tu, si vitani."
Brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ilipewa idhini ya kuyashambulia makundi yenye silaha. Mwaka huohuo ilipigana bega kwa bega na jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa M23. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa na zaidi ya askari 40 walijeruhiwa. Aliyembeba mwenzake siku kama ile, usimwambie kwamba ile haikuwa vita.

"Sasa wataendelea pale walipoishia."
Waendelee na nini? Hawajaishi pamoja hata kiasi cha kujua nani hulala upande gani. Hapa ndipo ndoa nyingi hizi hukwama, na watu hutafuta mchawi ilhali kisa ni kitasa cha mlango.

Mwaka mzima mke ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba. Amelipa kodi, amenunua umeme wa LUKU, amegombana na fundi bomba, na kitasa kilipoharibika akaweka kipya. Mume anaingia, ufunguo wake haufungui, anauliza: "Nani kakwambia ubadilishe kitasa?" Kwake ni swali la usalama: alikotoka, kitu kikibadilika bila taarifa, watu wanaweza kufa. Mke anasikia shutuma, tena mbele ya wifi. Kitasa kinasahaulika, na hadi usiku wa manane wanagombania nani mwenye nyumba.

Askari anajua makabidhiano: hakuna zamu inayoondoka bila kueleza kilichopo na kilichoharibika. Basi na nyumbani yafanyike. Mke aeleze alichokifanya, aseme anachotaka kuendelea kukisimamia, na mume asimvue madaraka wiki ya kwanza eti kwa kuwa "mwenye nyumba karudi".

"Hamgusi mkewe, basi ana mwingine huko."
Inawezekana, tusidanganyane. Tangu 2003 Umoja wa Mataifa unawakataza walinda amani wake kununua ngono, lakini katazo halifanyi kila mtu kuwa mwaminifu. Hata hivyo usingizi mbovu, pombe, sonona na baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na aibu humfanya mwanamume ajifiche kwenye simu au baa. Kwenda pamoja kupima VVU huondoa angalau hofu moja kitandani.

"Karogwa huyu, au ana jini."
Anaamka akipiga kelele. Mgahawani lazima akae mgongo ukutani, macho mlangoni. Bodaboda ikipiga mlipuko, anainama kabla hajafikiri. Askari wengi hupata baadhi ya haya wakirudi, na kwa wengi hupungua yenyewe. Yakipita mwezi mmoja huku yakivuruga kazi na nyumba, huenda ni maradhi ya kiwewe, ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi kwenye mwongozo wao 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam. Yanatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo inayolirudia tukio lenyewe taratibu. Anayetaka kusomewa dua asomewe, ila miadi ya daktari isiahirishwe.

Akiota vibaya, usimtikise. Washa taa, simama mbali kidogo upande wa miguu, mwite jina lake. Kulala vitanda viwili kwa muda si talaka, hata mama mkwe aseme nini. Lakini anayekupiga akiwa macho, kiwewe hakimpi ruhusa; Dawati la Jinsia lipo polisi kwa ajili hiyo.

"Akitibiwa ataitwa wa Mirembe."
Watamwita, ndiyo, jina la hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma limegeuzwa tusi muda mrefu. Lakini huduma za afya ya akili zinapatikana pia Muhimbili na kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na huko anapanga foleni kama mgonjwa mwingine.

"Karudi na mamilioni ya UN."
Kiwango cha Umoja wa Mataifa, zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari tangu 2018, hulipwa serikali iliyompeleka, si yeye mkononi. Serikali ndiyo humlipa kwa utaratibu wake. Shemeji anayesubiri bati na binamu mwenye wazo la biashara hawalijui hilo. Kwa hiyo kabla ya kwenda kijijini kusalimia, wanandoa wakae wawili tu, waandike kilichopo, madeni ya harusi yakiwemo, na wakubaliane nani atakayewajibu ndugu.