Kesi ya dereva si kesi yako

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu Mombasa na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mlikuwa na abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali), fomu ya P3 ambayo daktari hujaza majeraha, picha za eksirei na risiti za hospitali, zote zimepangwa kwa tarehe. Matatu ilikuwa imemgonga akivuka barabara, ikamvunja mguu.

"Kila kesi ikitajwa mimi huwa kortini, mwanangu," aliniambia. "Nangoja dereva ahukumiwe, ndipo nidai fidia."

Nikatazama tarehe ya ajali. Ilikuwa imepita miaka 3 na miezi 2.

Kosa hili naliona mara nyingi, na linaniuma, maana wanaolifanya si wazembe. Wameamini tu kwamba kesi ni moja, kumbe ni mbili. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva, na wewe uliyeumia ni shahidi. Akitozwa faini, pesa zinaingia serikalini. Fidia yako unaidai kwa kesi ya madai dhidi ya dereva pamoja na mwenye gari, na hapa Kenya sheria imekupa miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukigongwa na gari la serikali, una miezi 12 pekee. Mahakama huongeza muda kwa sababu chache sana, na kungoja kesi ya trafiki iishe si mojawapo.

Najua uvumi wa kungoja unatoka wapi. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo hukusaidia sana katika madai. Lakini hata akiachiliwa, hujashindwa. Kule kwenye kesi ya trafiki, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha hatia pasipo shaka ya msingi. Huku kwenye madai inatosha ushahidi wako uwe mzito kuliko wake. Fungua yako mapema, ile nyingine iende kwa mwendo wake.

Siku za mwanzo, baada ya matibabu, hakikisha ajali imeandikwa kituoni na umepewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mtu wako apige picha ya nambari ya gari na ya stika ya bima kwenye kioo, kwa sababu mara nyingi kampuni ya bima ndiyo italipa, si dereva. Bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo humfuata mwenye gari.

Ninachokiogopa zaidi ni ile karatasi ya kumalizana. Mgonjwa angali kitandani, mtu anafika na elfu thelathini na kalamu: "Weka sahihi hapa tu, pesa za dawa." Chini kabisa imeandikwa kuwa hutadai kitu kingine tena. Mguu ukihitaji vyuma mwakani, utaonyeshwa sahihi yako. Pokea msaada wa hospitali ukipewa, ila karatasi ipite kwanza mbele ya wakili au mtu anayejua kusoma mambo haya.

Na ukiwa wewe ndiwe dereva uliyekamatwa, Katiba, kifungu cha 49, inakupa haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti ikiwa muda huo umeangukia wikendi. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti. Ichukue uitunze, kwa sababu kesi ikiisha na hukukiuka masharti, ndiyo utakayotumia kurudishiwa pesa zako.

Yule mama nilimweleza yote haya polepole. Alinyamaza kitambo, akazirudisha karatasi kwenye bahasha kwa mpangilio uleule. Wiki iliyofuata alikuwa na samanzi ya kutoa ushahidi dhidi ya dereva. Alikwenda.