Kazi 60 za mradi: ngapi zingepatikana hata bila mradi?

Tuseme vijana 100 wa Wete, Pemba, wamefunzwa ufundi na mradi, na mwaka mmoja baadaye 60 wana kazi. Wengi husema mradi umezaa kazi 60. Sivyo. Suala ni wangapi kati yao wangepata kazi hata bila darasa, na hilo hulijui mpaka uwe na wenzao wanaofanana nao ambao hawakufunzwa. Njia safi ni kuwapigia waombaji wote kura ya bahati nasibu: wengine wafunzwe, wengine wabaki wa kulinganisha nao. Bila kura, anayejitokeza kujiandikisha huenda ndiye aliyekuwa na bidii tangu hapo.

Pemba kuna mtego mwengine: karafuu. Ukikifundisha kikundi cha hisa (cha kuweka na kukopa) kuweka akiba kabla ya mavuno, kisha ukahesabu sanduku lao la akiba baada ya watu kuuza karafuu zao ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ulichopima ni msimu. Ripoti itapendeza, sikatai.

Tathmini zenye kundi la kulinganisha hutoa namba ndogo. David McKenzie wa Benki ya Dunia alizipitia za nchi zinazoendelea mwaka 2017: katika kila watu 100 wanaopewa nafasi ya mafunzo ya ufundi, hawafiki 3 wanaopata kazi ambayo wasingeipata vyenginevyo. Elimu ya fedha nayo ina faida, ila ya kiasi. Tim Kaiser na wenzake walijumlisha majaribio 76 yaliyogawa watu kwa kura hiyo mwaka 2022, wakaona maarifa yanapanda zaidi kuliko tabia. Kwa hiyo alama nzuri za mtihani wa semina hazijakwambia kama mtu ameweka hata shilingi.