China ikibana kinywe, Ruangwa inapata nini? Dhana potofu na ukweli wake

Tangu tarehe 1 Desemba 2023, China ilipoanza kudai vibali kwa kinywe (grafiti) kinachotoka nchini kwake, mengi yamesemwa Ruangwa (mkoani Lindi, kunakopatikana kinywe), Nachingwea na Mtwara mjini kuhusu neema inayokuja. Baadhi yana ukweli nusu. Mengine yanaweza kumfanya mtu aachie eneo lake kwa bei ya kutupa, au ajaze ghala mawe asiyoweza kuyauza. Haya ndiyo tunayoyasikia mara nyingi.

"Kinywe ni madini adimu"

Hapana. Madini adimu ni elementi 17: skandiamu, itriamu na zile 15 za kundi la lanthanamu. Kazi yake kubwa ni sumaku za mota za magari ya umeme, mitambo ya upepo na silaha. Kwa hapa nchini mradi unaojulikana ni wa Ngualla, Songwe, ambao kampuni yake, Peak Rare Earths, ilinunuliwa na Shenghe ya China mwaka 2025. Kinywe ni kaboni tupu, na kwenye betri hukaa upande wa anodi, yaani ncha hasi.

Kinachoyaweka pamoja ni siasa. Kinywe na baadhi ya madini adimu vimo kwenye orodha ya China ya bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, na orodha hiyo hurefuka kila mvutano na Marekani unapopanda. Galiamu na jamaniamu ziliingia Agosti 2023, kinywe Desemba mwaka huohuo, na madini adimu saba yakaingia tarehe 4 Aprili 2025, siku mbili tu baada ya Trump kutangaza ushuru mpya.

"China imepiga marufuku kuuza kinywe nje"

Ilichoweka ni kibali. Muuzaji wa China hupeleka maombi idara ya biashara ya jimbo lake, nayo huyapeleka Wizara ya Biashara. Huambatanisha mkataba, maelezo ya kiufundi au ripoti ya maabara, na hati inayomtaja mtumiaji wa mwisho na atakachofanyia mzigo. Sheria inatoa hadi siku 45 za kazi, yaani zaidi ya miezi miwili ya kalenda. Kinywe cha asili cha punje bapa kimo, pamoja na kilichoviringishwa kwa ajili ya betri na kile kilichotanuliwa. Kinywe cha kutengenezwa kinaguswa pale tu usafi unapozidi asilimia 99.9, uimara megapaskali 30 na uzito gramu 1.73 kwa sentimita ya ujazo.

Nguvu ya mpango huu imo kwenye kusubirisha watu. Kiwanda chenye akiba ya wiki tatu hakiwezi kungoja miezi miwili, na wakati huohuo hati ya mtumiaji wa mwisho inaipa Beijing picha kamili ya nani anategemea nini. Upande wa sumaku ilionekana wazi: Mei 2025 Ford ilisimamisha kiwanda chake cha Chicago kwa wiki nzima kwa kukosa sumaku. Wanunuzi wa Korea Kusini, kwa upande wao, walianza kupewa vibali vya kinywe mwezi uleule wa Desemba 2023.

Marufuku halisi ilikuja Desemba 2024, na ilihusu galiamu, jamaniamu na antimoni kwenda Marekani. Kinywe kiliongezewa ukaguzi mkali zaidi. Hatua hiyo nayo ilisimamishwa Novemba 2025, hadi tarehe 27 Novemba 2026.

"China ikibana, bei yetu lazima ipande"

Hili ndilo linaloumiza watu. Mwaka 2010 China ilikata mgawo wa madini adimu ya kuuza nje kwa takriban asilimia 40, katikati ya mzozo wake na Japani. Bei zikapaa mwaka 2011, kisha zikaporomoka. Marekani, Japani na Umoja wa Ulaya walishinda kesi Shirika la Biashara Duniani mwaka 2014, na mgawo ukaondolewa 2015. Mwaka huohuo Molycorp, kampuni ya Marekani iliyojijenga kwa matumaini ya bei ile, iliomba kinga ya kufilisika.

Kwenye kinywe hata kupaa kwenyewe hakukudumu. Wanunuzi walijaza maghala Oktoba na Novemba 2023 kabla ya tarehe kufika. Baada ya hapo soko lilikuwa dhaifu, kwa sababu viwanda vya China vilikuwa vimezalisha kinywe cha kutengenezwa kupita mahitaji. Hiki hutokana na mabaki ya mafuta ya petroli yanayochomwa hadi karibu nyuzi 3,000, na kikiwa rahisi kinachukua nafasi ya kinywe cha mgodini ndani ya betri. Ng'ambo ya Ruvuma, mgodi mkubwa wa Balama, Cabo Delgado, umekuwa ukizalisha kwa vipindi na kusimama, ingawa vibali vya China vipo.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Sehemu ya kinywe cha Ruangwa inajulikana kwa punje kubwa, za maikroni 300 na zaidi (maikroni 1,000 ni milimita moja). Viwanda vya betri hupendelea punje ndogo, chini ya maikroni 150, kwa kuwa zitasagwa hata hivyo. Punje kubwa huenda kwenye kinywe cha kutanuliwa, vizuizi vya moto na matofali ya tanuru, na bei yake kwa tani huwa juu zaidi. Kwa hiyo habari ya betri inaweza kuwa kubwa magazetini bila kugusa mzigo wako.

Nafuu iliyoonekana ilitoka upande mwingine: Julai 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa awali wa asilimia 93.5 dhidi ya malighafi za anodi kutoka China. Hapo mchakataji aliye nje ya China alipata pumzi.

"Mwenye mawe ndiye mwenye nguvu"

China huchimba karibu asilimia 80 ya kinywe cha asili duniani, lakini rungu lake ni uchakataji, ambako inashika zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha anodi. Watu wa kusini wanalijua hili kwa korosho: ghafi ikipanda meli Mtwara kwenda India au Vietnam, anayebangua ndiye anayekaa karibu na mnunuzi wa mwisho.

Makinikia (kinywe kilichotenganishwa na mwamba) yenye kaboni ya asilimia 94 hadi 97 husagwa hadi maikroni 10–20 na kuviringishwa. Tani 100 hutoa kama tani 40 hadi 50 tu za punje duara. Zinazobaki ni vumbi la bei ndogo. Kisha husafishwa hadi asilimia 99.95 kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya hadi mifupani ikimgusa mtu na maji yake machafu lazima yatibiwe kwa chokaa. Njia nyingine ni tanuru la zaidi ya nyuzi 2,500, linalokula umeme mwingi usiokatika. Mwisho hupakwa lami maalumu na kuokwa. Baada ya hapo kiwanda cha betri hujaribu sampuli kwa miaka, si miezi.

Makinikia ya Lindi yakipelekwa China kuviringishwa, kutoka tena yatahitaji kibali cha China. Oktoba 2025 China ilitangaza masharti hata kwa mashine na teknolojia ya anodi. Utekelezaji ulisimamishwa hadi tarehe 10 Novemba 2026, baada ya Trump na Xi kukutana Busan.

"Jiwe likichafua mkono, ni kinywe cha kuuza"

Manganizi nayo huchafua mkono. Usipeleke jiwe moja linalong'aa. Chimba mtaro, chukua sampuli kila mita, changanya, ugawe. Maabara hukausha kwa nyuzi 105, huchoma kwenye kikombe chenye mfuniko kwa nyuzi 950 kwa dakika 7, kisha huchoma wazi hadi uzito usibadilike. Ukiondoa kilichofuka na majivu, kinachobaki huhesabiwa kaboni. Mwamba wenye chokaa hudanganya hapa, kwa sababu nao hutoa hewa ukichomwa. Omba kipimo cha kaboni ya kinywe, kinachofanywa baada ya kuosha kwa asidi.

Omba pia mchekecho wa maikroni 300, 180 na 150. Kinywe ni laini na mwamba wake wa kwatzi ni mgumu, hivyo ukisaga sampuli ikawa unga, kwatzi inakata punje na unakuwa umeua thamani mwenyewe. Kinachofaa ni kusaga kidogo, kuelesha kwa povu (kinywe huelea, mwamba huzama), kusugua, kuelesha tena.

Dalali akisema ananunua mawe yenyewe kupeleka nje, mwulize kibali chake. Madini ghafi hayaruhusiwi kutoka nchini, na makinikia ya kinywe hutozwa mrabaha wa asilimia 3 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 kabla ya kufika geti la bandari.